Watu wa Rungu wa Marehemu Hud

Sikutaka kuandika haya. Tahani, mjukuu wangu, ndiye aliyenishikilia. Asubuhi bibi andika, jioni bibi andika, kama mtu anayedai haki yake. Nimemwambia mie chuo changu kilikuwa cha Kurani na kalamu nimeishika ukubwani, sasa unataka niandike nini? Ananambia andika kama unavyosema. Haya. Naandika kama n'navyosema, na asiyependa n'navyosema asisome. Naandika kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa, yeye atazigeuza, na nimemwapisha asinirekebishie hata neno moja. Warekebishaji nimeshawaona walichonifanyia.

Mtu ninayetaka mumjue ni mume wangu, marehemu Hud bin Saud. Hapa Ibra wakubwa wanamkumbuka kwa maji. Kabla mabomba hayajafika majumbani, yeye ndiye aliyekuwa akiendesha gari la tangi, na alikuwa hafungui bomba mpaka mwenye nyumba atoke amwamkie vizuri. Mfupi, mbishi, mwenye kupenda chumvi nyingi kwenye mchuzi na maneno machache mezani. Sigara hakuvuta hata siku moja. Moshi wa ubani wenyewe ukimkohoza. Lakini ndani ya mkebe wa biskuti, juu ya kabati, alikuwa na picha za sigara, na kwa picha hizo watu walitoka Sur, Nizwa na Adam kuja kubisha hodi kwetu.

Picha zenyewe zilianza kwa baba yake. Mzee Saud, ujana wake, alikuwa akipima ngozi kwenye ghala la wafanyabiashara wa Kimarekani pale Unguja, miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Mabwana wale wakivuta sigara za kwao, na ndani ya kila pakiti mlikuwa na kikaratasi kigumu, kidogo kuliko kiganja cha mtoto, kimechorwa mtu kwa rangi nzuri. Mtu huyo kavaa kofia yenye ukingo mbele, fulana ina maandishi kifuani, na mkononi kashika rungu. Wengine hawana rungu, wana mpira mdogo. Ni wachezaji wa mchezo wa kwao, wa kupiga mpira kwa rungu halafu mtu akatoka mbio. Nyuma pana tangazo la sigara. Mabwana wakivuta na kutupa, mzee Saud akiokota na kuweka. Sisi nyumbani tukiwaita watu wa rungu.

Zilipokuja zile siku za mwaka sitini na nne, mzee Saud alikuwa keshazikwa zamani. Mama mkwe wangu alisikia kwamba watu wanaingia nyumba hadi nyumba. Alikoka seredani, akazitoa picha zote za jamaa zilizokuwamo nyumbani, akazitia moto. Mumewe kavaa joho na jambia kiunoni. Kaka zake wamesimama na vilemba vyao. Mwanawe wa kwanza, aliyekufa kwa homa, kakalishwa kitini. Aliogopa wakiingia wakiziona watajua hii nyumba ya nani. Alizitia moja moja, na kila moja aliitazama kwanza. Mie nilikuwa bibi arusi wa juzi, nimesimama mlangoni nikitazama. Za sigara akaziacha. Nani atamuua mtu kwa picha ya Mzungu? Basi tukatoka Unguja hivyo. Wafu wetu wote hawana sura, na Wamarekani wamo kwenye mkebe wazima.

Tulipofika huku Omani, miaka ya sabini, watoto wakaanza kuuliza. Siku moja ya Idi mkubwa wao akamkalia bibi yake kichwani: "Bibi, babu alikuwaje?" Mama mkwe akajaribu kusema, pua hivi, nyusi hivi, akashindwa. Akauagiza mkebe. Akapekua, akapekua, akatoa mtu mmoja wa rungu, nyuma yake rangi ya kijani, akamwambia mtoto, "Alikuwa hivi. Mvue kofia, mvishe kilemba. Ndiye."

Hud akaichukua picha, akaitazama sana, maana baba yake alimjua. Akasema, "Mama, wallahi ndiye." Akachukua penseli, akaandika nyuma: Saud.

Msituone wajinga. Tulijua ni Mmarekani, tulijua ana jina lake na mama yake kwao. Lakini mtoto akiuliza babu alikuwaje lazima apate jibu, na jibu letu lilikuwa limekwisha kuwa majivu.

Neno likatoka nje, kama yanavyotoka maneno. Kwanza jamaa, halafu jirani, halafu watu tusiowajua, wote waliotoka pwani wakaacha picha au wakazichoma. Bi Fawziya wa Sur alikuja na dada yake. Mie nilikuwa jikoni na kahawa, lakini nikiwasikia.

"Huyu."

"Huyu ana masikio kama ya popo! Baba alikuwa na masikio hayo?"

"Alikuwa nayo. Wewe ulikuwa mdogo, ukiona ndevu tu."

"Basi tumtafutie mwenye ndevu."

"Hawana ndevu hawa, dada, tangu asubuhi tunatazama. Ndevu utie mwenyewe kichwani mwako."

Wakacheka mpaka wakalia. Walipokubaliana, Fawziya akauliza kama yuko wa mama. Hud akamjibu, bila kucheka, "Bi Fawziya, humu wote wana rungu." Hata leo nikikumbuka nacheka na hasira zangu.

Hud alikuwa na utaratibu wake na hakuubadilisha kwa mtu. Haandiki jina mpaka watu wawili wakubaliane, na wote wawili wawe walimwona marehemu kwa macho yao. Mmoja hatoshi. Mmoja anaweza kutamani tu. Wakishakubaliana anaandika, marehemu anasomewa Fatiha, wao wanakunywa kahawa. Na picha haitoki mkebeni. Ukimtaka baba yako, njoo umzuru. Nyumba yetu haikukosa wageni, Fawziya kila mwaka akija kumwamkia baba yake, analeta na samaki mkavu.

Picha za mzee Saud zikaisha, watu hawakuisha. Ndipo Hud akawa mkusanyaji hasa. Mtu akienda London au Amerika kwa masomo, Hud hamwombi saa wala kitambaa, anamwomba mtu wa rungu. Vijana wakimtafutia kwenye maduka ya vitu vya kale. Yeye akizitaka zile zilizochakaa, zenye kona zilizoliwa na mkunjo usoni. Alisema wafu wetu walikuwa watu wazima, hawakai kwenye karatasi mpya. Alijua kila picha alipoipata na nani kaja nayo, na akiwa mgonjwa, bado akiwapanga kitandani, watu wa Sur na watu wa Sur, wa Adam na wa Adam.

Akafa mwaka juzi, kabla ya Ramadhani. Nikaingia eda.

Wasiojua, mjane wa kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki, hajipambi, hakai na mwanamume asiyekuwa maharimu wake. Wanawake ndio wanaokuja, mchana kutwa, wanakaa nawe. Sasa Khattab, mtoto wa mdogo wake Hud, kwangu si maharimu. Kazi yake benki, Maskati. Kazaliwa hapahapa, Kiswahili chake cha kuokota njiani. Alikuja akasimama nyuma ya mlango wa chumba changu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

"Mama mkubwa, mimi nataka ile mkebe ya ami. Napiga picha, naweka kwenye simu, familia yote inaona. Halafu narudisha."

Nikaona ni neno zuri. Nikamwambia Tahani ampe. Nikamwambia na yeye, kupitia mlangoni, "Khattab, hao ni watu."

"Hadhir, mama mkubwa." Yaani nimesikia, nitatii.

Hakurudi. Nikapiga simu, yuko kwenye mkutano. Nikapiga tena, yuko njiani. Kila siku yuko njiani na hafiki popote. Mie nimo ndani, nguo nyeupe, nahesabu tasbihi na namngojea mtu wa benki.

Siku moja akaingia Bi Fawziya. Hakuamkia, hakukaa. Alikuwa ametoka Nizwa kwenye harusi, akapita sokoni karibu na ngome kununua halua, na kwenye duka la vitu vya kale, la mtu anaitwa Adham, akatazama kwenye kioo.

"Bi Sheha," akanambia, "baba yangu anauzwa Nizwa."

"Unasema nini?"

"Yumo kwenye kioo, katikati ya majambia na bangili za fedha. Nimemwona baba, halafu pembeni yake nikamwona baba tena. Wako wawili. Nikamwambia yule kijana mgeuze. Kawageuza wote wawili. Hamna kitu. Nyuma kweupe. Sikujua nimwamkie yupi."

Hapo ndipo alipokaa, chini kwenye busati, akajifunika uso.

Watu wa rungu walikuwamo wanaofanana, kwa kuwa kule kwao mchezaji mmoja walikuwa wakimchora mara nyingi. Hud alikuwa nao wawili wa hivyo, mmoja baba yake Fawziya, wa pili ndugu yake mzee Azzan wa Adam. Hakuna kilichowatenga isipokuwa penseli.

Tahani akanipigia simu kwa Khattab, na safari hii akapiga kwa namba yake mwenyewe, si yangu, kwa hiyo Khattab akapokea.

"Khattab, umewafanya nini?"

"Mama mkubwa, usikasirike, nilitaka iwe surprise—"

"Sema Kiswahili au Kiarabu, vyote nasikia."

"Nilitaka nikufurahishe. Hizi kadi ni kitu kikubwa kule Amerika, mama mkubwa, zinauzwa pesa nyingi. Zina miaka zaidi ya mia. Lakini ile maandishi ya ami nyuma, ile penseli, inaharibu. Adham ni mtaalamu, amesafisha. Sasa iko safi."

"Amesafisha kwa kitu gani?"

"Kwa raba. Polepole. Karatasi haikuumia kabisa."

Karatasi haikuumia! Wallahi nilisimama wima, na magoti yangu haya. "Umemfuta baba wa Fawziya," nikamwambia. "Umemfuta babu yako. Babu yako mwenyewe, Saud, ambaye jina lake umelibeba kwenye kitambulisho chako. Bibi yako alimchoma mara moja kwa kuogopa kuuawa. Wewe nani kakushikia panga?"

"Lakini mama mkubwa, hawa ni Wamarekani tu. Wanacheza mpira."

"Nawe ni karani tu, unahesabu visivyo vyako. Ukifa tukuchoree rungu?"

Nikakata simu, au Tahani ndiye aliyekata, sijui.

Sasa Fawziya akanishika: twende Nizwa, gari lipo nje. Tahani naye akasema, bibi, dini ina nafasi, kama ni dharura unatoka mchana unarudi, tumuulize sheikh. Nikawaambia sheikh mtamuuliza na sheikh atasema nenda, namjua, mpole. Tatizo si sheikh. Hud hakunikosea kitu cha kunifanya nimvunjie eda yake kwa ajili ya mtoto wa benki. Sitoki. Watakuja wao.

"Watakujaje?" Fawziya akauliza. "Wewe umo ndani na yule yumo Nizwa."

"Jumatano ni lini?"

Hapa Ibra siku ya Jumatano kuna soko la wanawake. Wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, mwanamume hatii mguu. Wanakuja kutoka kila upande, na vitambaa, na mafuta, na dawa za mitishamba, na habari. Kuanzia siku ile kila aliyeingia kunipa mkono wa taazia nilimwambia neno moja tu: duka la Adham wa Nizwa linafuta majina ya maiti za watu. Sikuongeza, sikupunguza. Wakitoka kwangu wanakwenda sokoni. Mwanamke mmoja aliyekuja kwa adabu kusema tu Mungu awape subira alitoka kwangu na kazi.

Jumatano ya pili mlango ukabishwa, akaingia mwanamke mnene, uso mwekundu kwa jua, mafurushi ya suruali za kutarizi mkononi. Akasema kwa Kiarabu cha Nizwa kwamba yeye ni Huwaida, mama yake Adham, na kwamba Jumatano iliyopita alitandika kitambaa chake sokoni tangu asubuhi na hakuna aliyenunua hata kifungo.

"Kila anayepita ananiuliza, mwanao bado anafuta maiti?" akasema. "Nimefanya biashara hapa tangu Adham ananyonya. Nimepita kwenye duka lake jana, nimemwambia nipe. Akasema, mama, hizi nimezinunua. Nikamwambia mrudie aliyekuuzia mmalizane. Nipe."

Akautoa mkebe kutoka ndani ya abaya yake. Mambo yao ya fedha wameyamaliza wenyewe na sitaki kuyasikia. Nikampa mkono, nikamkalisha, nikamwagia kahawa. Yeye alikuwa mama wa mkosaji, mkosaji hakuwa yeye. Alinambia jambo moja ambalo lilinikata: alimwambia mwanawe arudishe majina, akajibiwa hayarudi.

Tukawatandaza kwenye busati, Fawziya, Tahani na mie. Tahani akamulika migongo kwa taa ya simu, pengine penseli imeacha alama. Hakuna. Hud alikuwa na mkono mwepesi, ndiyo kosa lake la pekee. Baadhi niliwatambua pale pale: mzee Saud na ule ukijani wake, kaka zake mama mkwe, yule mtoto wa homa, ambaye alichaguliwa kwa sababu mchezaji wake alikuwa na uso mdogo. Lakini wa watu wengine? Hud ndiye aliyekuwa akijua. Mie nilikuwa jikoni na kahawa. Wamekaa kwenye busati wananitazama, wanaume wazima wa watu, na sijui hata mmoja wao niulize habari za nani.

Fawziya akawaweka wale wawili mbele yake. Akawatazama mpaka adhana.

"Ni huyu wa kushoto," akasema. Halafu akasema, "Hapana."

"Dada yako aliyekuwa nawe?"

"Dada kafa, Bi Sheha. Umesahau? Ulinitumia sanda."

Basi hata angesema ndiye, amebaki mmoja. Na mmoja hatoshi. Hud asingeandika, na mie siandiki asichokiandika Hud. Fawziya alirudi Sur bila ya baba, na samaki alioniletea sikuweza kuwala.

Khattab alikuja Ijumaa baada ya sala, akasimama pale pale nyuma ya mlango.

"Mama mkubwa, nisamehe. Mimi sikujua."

"Ulijua. Nilikwambia ni watu, ukasema hadhir."

Halafu nikamsikia anapiga pua, mtu mzima yule. Sikumhurumia, na bado simhurumii, na watu wanaonambia msamehe eda imekwisha, wajue kwamba eda ni ya Hud, si ya Khattab.

"Utauchukua mkebe," nikamwambia. "Utakwenda nao mkononi, si kwenye simu. Kila nyumba iliyokuja hapa. Utaanza Adam kwa watoto wa marehemu Azzan, maana mpaka wamtambue ami yao Fawziya hana baba; anayebaki ndiye wake. Halafu Sur, halafu Nizwa, halafu juu milimani Dima. Unakaa chini, unawatandaza, unanyamaza. Wakikubaliana wawili, unaandika."

"Wazee wengi hawasemi Kiarabu vizuri, mama mkubwa. Na Kiswahili changu—"

"Kiswahili chako kibovu, najua. Kitanyooka njiani."

Adam ameshakwenda. Watoto wa Azzan wawili walikuwa Unguja wakati marehemu ami yao yu hai, lakini wadogo, na wamebishana. Mmoja anasema kulia, mmoja anasema kushoto. Kuna shangazi yao, wanasema, aliolewa, hawajui kama yuko Barka au amerudi Pemba. Khattab kila mwisho wa wiki yuko njiani, na safari hii ni kweli. Wachache wameshapata majina yao. Wengi bado.

Sasa wewe unayesoma. Kama mama yako au bibi yako aliwahi kuja kwetu Ibra kuchagua, inuka ukamuulize leo, si kesho: kofia rangi gani, rungu bega lipi, marehemu alikuwa anatazama wapi. Kama wewe ni wa kwa Azzan wa Adam na unajua shangazi huyo yuko wapi, mtafute umlete. Khattab akibisha hodi kwako mfungulie, lakini kahawa usimpe mpaka amsikilize mkubwa wa nyumba hadi mwisho, hata akirudia maneno. Na uwe na mtu wa pili pembeni yako aliyemwona marehemu kwa macho. Huna? Nenda katafute.